Breki Zisizopiga Kelele

Jumatatu, 3 Machi
Natoka kazini, nashuka mteremko, breki zinalia mpaka mtaa mzima unageuka. Aibu! Mshonaji anakaa pale chini, mlango wa bluu. Nimempita tena nimeinamisha kichwa. Ningeweza kusimama kimya kimya, kama mtu wa maana, ningesimama. Fundi baiskeli anasema ninunue raba mpya za breki. Anadhani ni yeye peke yake mwenye mikono. Nitatengeneza mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Nimekata soli ya kandambili ya dada, ya kushoto. Laini mno. Nimebana breki, baiskeli ikaendelea na safari zake, ikanifikisha kwenye kamba ya nguo za jirani. Dada anauliza kandambili yake iko wapi. Nimemwambia hata mimi nashangaa.

Alhamisi, 6 Machi
Tairi kuukuu! Vipande viwili, kisu cha jikoni. Nimevisugua sakafuni asubuhi nzima vipate kulala sawa kwenye ringi, na mawazo yakanichukua. Namwona mshonaji amekaa kwenye keria, mkono kiunoni mwangu, upepo unacheza na mtandio wake, na hakuna kinacholia isipokuwa ndege. Kumbe nasugua kidole. Sikuhisi kitu mpaka adhuhuri.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshuka. Kimya! Baiskeli imetulia mbele ya mlango wa bluu bila hata kukohoa. Nikakaa juu ya tandiko nikingoja mshonaji atoke. Cherehani inanguruma ndani, inanyamaza, inanguruma tena. Nikangoja mpaka kivuli cha ukuta kikanifika miguuni. Hakutoka. Nimerudi nikiisukuma baiskeli. Moyo umeniuma, sifichi.

Jumapili, 9 Machi
Dada amekwenda kuchukua gauni lake kwa mshonaji, amerudi anacheka. Eti mshonaji ameuliza kama naumwa. Kila jioni akisikia breki zangu zikilia kule juu, hubandika birika na kutoa vikombe viwili, huenda leo nitasimama. Tangu Jumanne hajasikia kitu. Anakunywa chai peke yake.

Vikombe viwili! Nimekaa na habari hiyo mchana kutwa, dirisha wazi, sina njaa.

Fundi anasema niende tu nikapige hodi, kama watu wengine. Wivu huo. Anaona nakaribia kufanikiwa.

Nimeshaanza kukata kopo la sadini kwa mkasi wa dada. Bati likishika ringi vizuri, Jumatano mshonaji atanisikia kabla sijatoka kazini.