Magunia Mia na Themanini kwa Ekari Moja

Kwa furaha isiyo na kipimo, Idara ya Kuiga Maendeleo, Kanda ya Kasulu na Kibondo, ilitangaza kwamba imempata bingwa wa historia ya China ya kisasa. Hakuna idara nyingine nyanda hizi iliyokuwa naye. Hakuna iliyokuwa imemwomba pia.

Daktari Tharsisi alizaliwa Titye, akasoma mpaka akafika China, akakaa miaka saba na kuandika tasnifu ya kurasa mia nne kuhusu mwaka 1958, pale viongozi wa huko walipoanza kutangaza mavuno ambayo mashamba hayajawahi kuyaona. Kwa ubingwa huo, Idara ilimkabidhi jukumu zito la kutengeneza birika la umeme la Mkurugenzi Nickson, kwa kuwa nalo lilitoka China. Birika likamshinda. Jambo hilo liliwekwa kwenye faili lake.

Januari ikaja barua kwamba Naibu Katibu kutoka makao makuu, Bibi Asnath, angekagua shamba la mfano la Idara baada ya siku nne. Shamba la mfano lilikuwa na kibao kizuri sana. Mahindi ndiyo hayakuwepo. Kikao cha dharura kikaketi.

"Daktari," alisema Mkurugenzi, "Wachina wangefanyaje hapa?"

Tharsisi, ambaye kwa miaka mitatu hakuna aliyemuuliza la maana, alifurahi akajisahau. Akaeleza jinsi viongozi wengine wa kule walivyong'oa mpunga uliokaribia kuiva kwenye mashamba mengi, wakaubana kwenye shamba moja ili wageni waone maajabu.

"Andika hilo," Mkurugenzi alimwambia karani. "Ni azimio."

"Mkurugenzi, mimi nasimulia kosa. Watu walikufa njaa."

"China kuna njaa? Hiyo simu yako imetoka wapi?"

Wajumbe wakapiga makofi. Kesho yake lori la Idara lilikwenda Titye kukusanya mahindi yaliyokuwa yanatoa mbelewele, kwa hiari ya lazima. Ekari ya kwanza kung'olewa ilikuwa ya Generosa, dada yake Tharsisi, mjane mwenye watoto watano na hiyo ekari tu.

"Musaza wanje," Generosa alimwambia kaka yake, amesimama katikati ya mashimo, "wanasema ni wewe umewafundisha."

"Niliwafundisha wasifanye."

"Basi watoto niwapikie hayo mafundisho?"

Tharsisi aliona aibu ambayo kurasa mia nne hazikuwa zimemwandaa kuikabili.

Siku ya ukaguzi mahindi yalisimama yamebanana hata upepo ukakosa pa kupita. Mkurugenzi akasoma taarifa aliyoisaini kwa mkono wake: shamba lake, jasho lake, magunia mia na themanini kwa ekari moja. Bibi Asnath akashika bua moja. Likamfuata na mizizi yake. Akalirudisha mahali pake, akalifukia taratibu, akajipangusa mikono.

"Asubuhi nimepita Titye," alisema. "Mashamba matupu. Wale wamepatwa na nini?"

"Uvivu, Mheshimiwa."

"Maskini. Na huyu ndiye bingwa wenu wa China? Haya Daktari, wenzetu wakishapokea taarifa kama hii walikuwa wanafanya nini?"

Mkurugenzi alimkonyeza aseme mazuri. Tharsisi akamfikiria dada yake, akajibu kwa sauti ya darasani.

"Serikali ilichukua nafaka kufuatana na taarifa, Mheshimiwa. Haikuangalia shamba."

"Ilichukua kwa nani?"

"Kwa wakulima. Hapo ndipo walipokosea."

"Basi sisi tutaiga kwa marekebisho madogo," alisema Bibi Asnath, akifungua kalamu. "Atatoa aliyesaini. Mkurugenzi abaki na magunia ishirini ya kula. Mia na sitini yafike Titye kabla ya Mei."

Wajumbe wakapiga makofi kwa mazoea. Mkurugenzi naye alipiga, kisha akaelewa.

Mwezi wa nne gari la Mkurugenzi liliingia Titye kwa safari ya tisa, likiwa na magunia aliyoyasaka mpaka Manyovu. Generosa akafungua moja, akatia punje mdomoni, akaitafuna bila haraka huku kaka yake akiangalia.

"Hayajakauka, Mkurugenzi," alisema. "Uyaanike kwanza."

Na Mkurugenzi wa Idara ya Kuiga Maendeleo akavua koti, akatandaza turubai, akaanza kufukuza kuku.