Nondo ya Ditram

Zilipovuma habari kwamba barabara ya Kilosa kwenda Mikumi itapanuliwa na wenye mashamba watalipwa fidia, Ditram, kijana wa mjini Morogoro, alinunua fulana ya njano inayong'aa, kofia ngumu na nondo yenye ncha. Uhandisi ukawa umekamilika.

Alipita shamba kwa shamba akigongelea nondo ardhini kwa nyundo. Ikizama, alitikisa kichwa kama daktari aliyekata tamaa.

"Udongo wako mlegevu, mzee. Barabara itapita kwa jirani."

"Kwa Kasian?" mwenye shamba alifoka. "Yule? Haiwezekani! Hakuna dawa, mhandisi?"

Dawa ilikuwepo: mbuzi mmoja, na udongo ukakaza papo hapo. Watu wasiowahi kumpa jirani hata chumvi walitoa beberu ili jirani asilipwe. Wivu, waungwana, hauhitaji nondo; unazama wenyewe.

Kiangazi kilipopamba moto, akafika na kundi lake la mbuzi kwa Mama Filomena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu pima na hapa."

Ditram akagonga. Nondo ikadunda. Akagonga tena kwa hasira. Mkono ukafa ganzi. Udongo ule mweusi ulikuwa mwamba!

"Hata wale waliokuja na gari walishangaa hivyohivyo," mama alisema bila kuulizwa. "Basi tu, nahamia Dumila kwa binti yangu. Fidia nitaingojea wapi na miguu hii?"

Maskini Ditram! Uongo wake alikuwa ameurudia hadi ukamwingia mwenyewe. Jioni ileile, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, wakabadilishana: shamba likawa la Ditram, mbuzi wote wakawa wa mama.

Kule hata mlevi hanunui ardhi ya mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, wakati wa kiangazi. Husubiri mvua, ardhi ijieleze.

Mvua ikaja, ardhi ikajieleza. Wahandisi wa kweli wakautazama ule uji mweusi wakiwa garini, wakaenda kupima kwa Kasian. Ndiyo, Kasian yuleyule.

"Mhandisi!" majirani walipiga kelele. "Udongo unasemaje?"

Ditram, matope magotini, akagonga mara ya mwisho. Nondo ikazama yote, na buti moja ikaifuata.

Majirani, vifua mbele, wakapanda gari hadi Dumila kudai mbuzi wao. Walimkuta Mama Filomena kibandani pake, stendi.

"Karibuni, wanangu," alisema, akipangusa mabakuli. "Mmefika wakati mzuri. Supu bado ya moto."

Akawauzia.