Bwana wa Nyuki Aibiwa Kibuyu

Nairobi nzima haina mwizi anayeweza kupata usingizi baada ya kumwibia mteja wa Profesa Nzuki! Hayo si maneno yangu. Ni maneno ya Profesa Nzuki mwenyewe, na aliyabandika kwenye kila nguzo ya stima kuanzia Ngara hadi Hurlingham, kwa karatasi za manjano na gundi ya unga wa ngano:

"PROFESA NZUKI KUTOKA KITUI. HURUDISHA VILIVYOIBWA KWA NGUVU ZA NYUKI. HANA MSAIDIZI, HANA MSHIRIKA, HANA MPINZANI."

Kitui yenyewe, nchi ya Wakamba na waganga wanaoogopwa, Profesa hakuwahi kufika. Alifika Machakos mara moja, kwenye mazishi, na akarudi jioni hiyo hiyo. Jina lake la ubatizo ni Ephantus, kitinda mimba wa Mama Wachira wa Mutuini, na Kikamba chake chote kilikuwa salamu mbili na tusi moja. Halafu kuna siri kubwa zaidi, naomba ibaki kati yetu: mtu huyu aliogopa nyuki kuliko kifo! Mmoja alimuuma sikio akiwa darasa la pili, na tangu siku hiyo hata asali aliila akiwa amesimama, tayari kutimua mbio.

Sasa alirudishaje vitu vya watu? Alikuwa na kibuyu. Kikubwa, chenye shanga nyekundu na manyoya ya jogoo, na jina lake Malkia. Ndani ya Malkia kulikuwa na spika ndogo ya bluetooth. Profesa aliwakusanya washukiwa chumbani, akafunga pazia jeusi, akabonyeza simu iliyokuwa mfukoni, na kibuyu kikaanza: vuuuuuu!

Wezi walikiri wakilia. Hata wasio wezi walikiri! Jamaa mmoja aliyeshukiwa kuiba sufuria alikiri sufuria, akaongeza viatu vya mzee wa kanisa, na alikuwa anaelekea kwenye mambo ya mke wa jirani aliponyamazishwa na mkewe mwenyewe.

Sifa zikampanda kichwani. Alifanya kazi peke yake na kula peke yake, na waganga wenzake aliwakumbuka tu alipotaka kuwatukana kwenye TikTok.

"Kuna huyu Daktari Oyoo wa ng'ambo ya barabara," alisema siku moja, akiwa amevaa ngozi ya chui iliyoshonwa sokoni Gikomba. "Ati anaondoa mikosi. Wapi! Kuna Madam Peres, ati anarudisha waume waliopotea. Wapi! Na huko Mutuini kuna kashosho, kabibi kazee, kanaitwa Waringa. Hakana bango, hakana namba ya simu! Kazi yake ni kuuza asali na kuuliza watu maswali. Hiyo ni uganga ama ni customer care?"

Angekomea hapo, leo tusingekuwa na hadithi. Lakini mioyo ya watazamaji ilikuwa inapanda kwenye skrini, na Profesa akapanda nayo.

"Namwogopa nani mimi? Siku nitaibiwa kitu, hata kijiko, nafunga ofisi na naenda kulima viazi!"

Watu elfu nne waliipenda video hiyo. Wa kwanza kabisa alikuwa mama yake.

Basi, Jumanne moja akapigiwa simu na Millicent, mwenye fleti huko Hurlingham. Pampu yake ya maji ilikuwa imeibwa na wapangaji walikuwa siku ya tatu wakioga kwa maji ya chupa.

"Profesa, saa tisa kamili wote watakuwa hapa parking," Millicent alisema. "Na nimeita landlords wenzangu waone kwa macho. Ukishika huyu mwizi, Hurlingham yote ni yako. Ukishindwa, nao watajua."

"Mama, nyuki hazijui kushindwa," Profesa akajibu.

Saa sita akashuka kwenye kibanda cha Shiko pale chini ya ofisi yake, akaagiza chapati tatu na maharagwe. Begi lenye Malkia akalitundika nyuma ya kiti. Akaanza kuwasimulia wa meza ya jirani jinsi alivyorudisha lori lililoibwa likiwa na ng'ombe, likarudi na ng'ombe mmoja zaidi. Alisimulia kwa mikono yote miwili. Alipogeuka kuchukua leso, kiti kilikuwa uchi.

Begi halipo! Malkia hayupo!

Profesa akasimama, akavuta pumzi, na akafungua kinywa kama mkazi mwingine yeyote wa Ngara.

"Mwi—!"

Kibanda kizima kikageuka. Vijiko vikasimama hewani. Na hapo ndipo Ephantus akakumbuka yeye ni nani, na kwamba watu elfu nne wanasubiri akalime viazi.

"Mwi... mwisho! Hii chapati ni ya mwisho, Shiko! Nimeshiba!"

Shiko akaja kufuta meza, akamwangalia. "Prof, si ulikuja na bag?"

"Nimeituma."

"Umeituma na nani?"

"Imeenda yenyewe."

Shiko akadondosha kitambaa. Profesa akalipa, akatoka taratibu kwa hatua za kifalme, na alipopinda kona akakimbia mpaka ngozi ya chui ikamtoka.

Aliogopa, jamani, aliogopa kweli. Saa tisa Hurlingham nzima ingekuwa inamngoja, na bila Malkia alikuwa Ephantus tu mwenye pazia jeusi. Nani angemsaidia? Polisi? Angewaambia nini, kwamba mrudisha-vilivyoibwa ameibiwa? Alifikiri akazunguka, na kila aliporudi alikuta jina moja tu limekaa palepale. Shosho Waringa. Kashosho kale ka maswali. Maana ukweli ni kwamba Mutuini yote ilijua: pete, hati ya shamba, ng'ombe, vyote vilionekana ukishaketi na yule mama kwa dakika kumi. Na nyumba yake ilitengana na ya Mama Wachira kwa ua wa michongoma tu.

Akapanda boda. Kabla ya kushuka alijifunika: barakoa ya siku za korona, kofia ya sufu, miwani ya jua, na koti la mvua. Mvua yenyewe haikuwapo. Jua lilikuwa linakaanga mayai.

Mlangoni kwa Shosho kulikuwa na benchi chini ya mparachichi, na benchini watu wawili walikuwa wametangulia. Mmoja alijifunga leso mpaka machoni. Mwingine alivaa helmeti ya pikipiki, wala hakuwa na pikipiki.

"Hamjambo," Profesa akasema kwa sauti nzito ya kubuni.

"Hatujambo," wakajibu, nao kwa sauti nzito za kubuni.

Kuku akapita.

"Mimi nimekuja kununua asali," akasema wa leso.

"Hata mimi asali," akasema wa helmeti.

"Asali ni muhimu," akasema Profesa.

Kisha akatazama chini, akaona viatu. Vyeupe, vya ngozi ya mamba, vyenye ncha ya kuchokoa meno. Nairobi nzima vilikuwa na mguu mmoja tu... pole, miguu miwili: ya Daktari Oyoo, mwondoa mikosi!

"Oyoo?"

"Shhh!" Helmeti ikainama. "Omera, ndugu yangu, nisitiri. Nimeanguka kwa ngazi ya ofisi mara tatu hii wiki. Ngazi ile ile! Na kwa bafu pia nikaanguka."

Wa leso akaanza kulia polepole. Alikuwa Madam Peres, mrudisha waume, na mumewe alikuwa na wiki ya tatu hajulikani aliko.

"Na wewe je, Nzuki?" akauliza akipenga kamasi. "Umeibiwa?"

"Mimi? Mimi naibiwa? Nimekuja kufanya ukaguzi!"

Wakati huohuo simu yake ikatetemeka mfukoni. Akaichungulia. Kwenye skrini paliandikwa: MALKIA IMEUNGANISHWA.

Bluetooth haisomi mbali! Kibuyu kilikuwa ndani ya nyumba ile, hatua kumi kutoka benchini, na mwizi alikuwa nacho!

Mtu mwenye akili angegonga mlango. Lakini woga ulipomtoka Ephantus, Profesa alirudi mzima mzima, na sifa zake zote. Akavua barakoa, akavua kofia, akapanda juu ya benchi.

"Tazameni, nyinyi wa asali!" akanguruma. "Mimi ndiye Profesa Nzuki! Mwizi wangu nimemfuata kwa harufu mpaka hapa! Nyuki zangu, amkeni!"

Akabonyeza simu, akapandisha sauti mpaka mwisho.

VUUUUUUUU!

Mlango wa Shosho ukafunguka kwa kishindo. Akatoka kijana mmoja mbio, mikono juu, jaketi la boda likipepea. Alikuwa Oduor, wa steji ya Ngara.

"Walai nisamehewe! Nilidhani ni laptop! Nimefungua tu, mwanamke akaongea ndani, Kizungu ya Uchina! Ati yuko redi! Nimeileta kwa Shosho aniombee, sasa imeita nyuki!"

Kama umewahi kuona mtu akishinda uchaguzi, basi hujaona kitu. Profesa alifumba macho, akanyoosha mikono, akisubiri makofi.

Hakuyapata. Daktari Oyoo hakubaki kuwaona hao nyuki. Aliruka kutoka benchini, akakimbia na helmeti yake iliyomziba macho, na kama ilivyo kawaida ya mikosi yake, katika shamba zima akachagua kugonga nguzo moja tu. Nguzo iliyobeba mizinga mitatu ya Shosho Waringa.

Mizinga ikaanguka. Ikapasuka.

Profesa alisikia mngurumo ukiongezeka, akatabasamu. Hakukumbuka kwamba spika yake haina sauti kubwa kiasi hicho.

Wa kwanza alimuuma sikio. Lile lile la darasa la pili!

"Woooi! Mamaaa!"

Bwana wa nyuki akaruka benchi. Akaruka ndoo. Akazunguka nyumba mara mbili, kundi zima nyuma yake, akapita katikati ya michongoma pasipo na njia, na akajitupa kichwa kwanza kwenye pipa la maji ya ng'ombe la mama yake. Ng'ombe akasogea kumpisha.

Kila mtu alikuwa amejifungia mahali. Aliyebaki nje ni mama mmoja mfupi wa kitambaa cha kichwani, mkononi ana kopo la moshi, akitembea kati ya nyuki polepole, akiwasemesha kama watoto waliotoroka shule. Wakatulia. Wakarudi kwenye mizinga. Kisha Shosho Waringa akaenda hadi pipani, akaanza kumng'oa Ephantus miiba, mmoja mmoja.

"Kibuyu chako nilikuwa namwambia huyu kijana akirudishe alikokitoa," alisema kwa upole. "Ile kitu ya ndani ilikuwa inakaribia kuzima, nikaichaji kidogo. Mjukuu wangu ako na kama hiyo."

Ephantus aliona aibu mpaka maji ya pipa yakapata moto. Alitaka kusema asante. Midomo ilikuwa imevimba, ikatoka "Ashandhe, Shosho." Na kwa mara ya kwanza tangu afungue ofisi, alimaanisha alichosema.

Simu yake, iliyomdondoka kwenye nyasi kando ya pipa, ikalia. Ilikuwa saa tisa kamili. Video, kutoka Hurlingham!

Mama Wachira, aliyekuwa amefika mbio na mwiko wa ugali, akaiokota na kuipokea. Kwenye skrini walionekana Millicent, landlords sita, wapangaji wote, na pampu ya maji!

"Profesa yuko wapi?" Millicent alikuwa anarukaruka. "Amerudisha! Mpangaji wa nyumba nambari nne ameirudisha mwenyewe! Amesikia huko Ngara bag ya Profesa inatembea peke yake mtaani ikitafuta wezi! Tunataka kumshukuru!"

Ephantus akachomoza kichwa pipani. Macho yalikuwa karibu yamefungika, pua haikuwa na mipaka na mashavu. "Ni mimi! Profesha Nzhuki!"

Millicent akarudi nyuma. "Mzee pole sana, unaonekana mgonjwa. Hebu mpatie Profesa simu."

"Ndio mimi!"

"Profesa tunamjua, mzee. Usichezee jina la watu."

Hapo Mama Wachira akaona mwanawe anaonewa. Akaisogeza simu kwa uso wake mwenyewe, akaongea kwa sauti ya kumfikia Millicent hata bila mtandao.

"Wewe mama, huyu ni yeye! Huyu ni Ephantus wangu, nimemzaa hapa hapa Mutuini! Hana ugonjwa. Ameumwa na nyuki!"

Landlords wakatazamana.

"Ameumwa na nini?" Millicent akauliza.

"Na nyuki! Za jirani!"

Kicheko kilichofuata kilifanya simu ikatekate. Katikati yake ikasikika sauti moja tu isiyocheka, ya yule mpangaji wa nambari nne:

"Ngojeni kwanza! Kama ni hivyo, basi nirudishieni pampu!"

Simu ikakatika. Oduor akarudisha kibuyu kwa mikono miwili na kuondoka bila kuangalia nyuma. Madam Peres na Daktari Oyoo wakarudi benchini, safari hii bila leso wala helmeti, wakingoja zamu zao za maswali.

Ephantus akatoka pipani akitiririka maji, Malkia kwapani. Akamtazama mama yake kwa jicho moja lililobakiza upenyo.

"Mathe, ungeweza tu kunyamaza."

Mama Wachira akafuta mwiko kwa aproni.

"Mimi video yako niliipigia like, Ephantus," alisema. "Jembe liko nyuma ya mlango."