Matuta Mawili Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 21 Aprili

Maji yamebakisha hatua moja kufika ukuta wa jiko. Nimeyatazama tangu asubuhi. Nikiyatazama, hayasogei. Nikigeuka, yanasogea!

Kiwanja hiki cha Mapinga nilikinunua kiangazi, kikiwa kikavu hadi vumbi. Sasa ni masika, na uani kwangu wanaogelea bata wa jirani. Jirani mwenyewe ni Kitwana. Amejaza kifusi kwake mpaka kwangu pakawa sahani. Huu ni ubeberu! Nimemwambia hivyo juu ya ukuta. Akajibu kwamba bata wake wananishukuru sana.

Mke wangu Hajra hakupiga kelele, na ndiyo maana naogopa. Alisema taratibu tu kwamba siku maji yakiingia jikoni, yeye anarudi kwa mama yake Bagamoyo mjini. Begi ameshalishusha kabatini.

Uamuzi: nitapanda vichaka vinavyokunywa maji. Mtu aliyesoma hashindwi na dimbwi. Mmea ni pampu isiyodai umeme!

Jumanne, 22 Aprili

Zinga, kwa Mwaija muuza miche. Aliniuliza maji yanatuama muda gani. Nikasema yanapita tu. Akatazama tope kwenye viatu vyangu. Asumini itaoza mizizi, akasema, na waridi nisithubutu. Chukua mkadi, baba, huo unapenda majimaji.

Mkadi! Nikatoka jasho. Maua yake yananukia kuliko bibi harusi, na kila mtu wa pwani anajua ni nani wengine, wasioonekana kwa macho, wanaoipenda harufu hiyo. Siwaandiki jina. Nikauliza kama hakuna mkadi usionukia. Mwaija akasema upo, unaitwa mgomba.

Nikachukua mikadi miwili, na mirehani miwili ya kuwatuliza wale nisiowataja. Mwaija akaonya kwamba mrehani hautaki maji, niinue tuta, na mkadi niuachie nafasi ya mtu mzima kulala.

Nyumbani, shemeji yangu Mikdad, kaka yake Hajra, alicheka hadi akakaa chini. Tangu Idi anakula kwangu, leo ananiita Bwana Pampu! Nikamwambia aniondokee kabla sijamfukia humu humu uani. Nilisema kwa sauti. Kitwana alikuwa ng'ambo ya ukuta, analisha bata.

Jumatano, 23 Aprili

Mikdad kaondoka alfajiri. Hajra anadhani amekwenda Saadani kutafuta samaki wakavu. Hakuaga, simu haipatikani. Alhamdulillahi!

Kazi imeanza. Sina futi kamba, kwa hiyo nikalala chali kwenye tope, nikachora mstari kichwani na mwingine miguuni. Tuta la kwanza likatoka sawasawa na mimi. La pili fupi, udongo uliniishia. Mrehani huku, mkadi kule. Nikasimika kibao kila tuta, nikaandika jina la mmea. Mvua ikafuta maandishi.

Halafu hofu ikanirudia. Mikadi miwili ni mwaliko! Nikanyunyiza marashi, nikafukiza udi, nikasoma Yasini nzima. Nilipoinua macho, Dija, mke wa Kitwana, alikuwa akichungulia juu ya ukuta. Akanisalimia kwa upole usio wake, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Alhamisi, 24 Aprili

Kuna jambo. Dukani nimepishwa foleni nzima. Kitwana ameacha kejeli, ananiita Mzee Bwanausi, tena kwa mbali. Dija kaja kumuuliza Hajra eti Mikdad alikula nini mara ya mwisho.

Alasiri akapita Mzee Abdulswamad akitoka msikitini. Akasimama uani kwangu, akavua viatu, akawatolea salamu waliomo makaburini. Nikacheka. Makaburi gani, mzee? Akanionyesha kwa fimbo.

Nikageuka. Mama yangu! Matuta mawili, kibla ubavuni, mirehani kichwani, vibao, harufu ya udi. Na Mikdad hapatikani!

Mzee akauliza, na hilo dogo la nani? Nikakimbilia jembe, nikalitupa. Kuyasawazisha siwezi sasa: nani husawazisha kaburi ila aliyelichimba kwa siri?

Ijumaa, 25 Aprili

Baada ya swala, kitongoji kizima uani kwangu. Mbele mwenyekiti, Bi Mwanaharusi, nyuma yake vijana na majembe. Nikahutubia juu ya haki ya raia kupanda vichaka. Hakuna aliyenisikiliza. Hajra aliniuliza swali moja tu: Baba Samia, kaka yangu yuko wapi?

Wakachimba tuta kubwa. Mizizi. Dogo. Mizizi. Kitwana akadai kwamba mjanja kama mimi lazima nimemsogeza, akashika jembe mwenyewe. Wakachimba kuanzia ukuta wa jiko mpaka mtaro wa barabarani, kina cha kiuno. Nilikaa juu ya ndoo, nikijipangia utetezi mahakamani.

Ndipo akaingia Mikdad na kikapu cha papa mkavu. Akakuta umati. Akauliza nani kafa.

Hajra alimkumbatia, kisha akampiga kwa kandambili. Mimi sikupigwa. Nilizirai kidogo.

Jumapili, 27 Aprili

Uani pakavu! Hakuna hata dimbwi la kuoshea mikono. Hajra amerudisha begi kabatini. Nimemweleza Kitwana kisayansi: vichaka vimekunywa bahari nzima kwa siku nne, na tangu vilipong'olewa na kurudishiwa udongo vinakunywa kwa hasira. Akalitazama shimo lao refu hadi mtaroni, kisha akanitazama mimi. Wivu!

Sasa kinachoninyima raha ni lile handaki walilolichimba. Nyoka ataingia. Mtoto atatumbukia. Na maji ya barabarani si yatapanda humo kuja jikoni? Nimelifukia leo lote, nikalishindilia mpaka mgongo ukalia, nikapanda juu yake mikadi mingine sita.

Wingu zito limesimama juu ya Mapinga, jeusi tii. Linyeshe! Vichaka vyangu vina kiu.