Bibi Yule Yule Ndani ya Samawati

Jumatatu, 3 Machi
Bosi katuita. Programu yetu ya kusimamia bidhaa za stoo ina miaka ishirini na miwili: skrini nyeusi, maandishi ya kijani, wateja wanaicheka. Ijengwe upya! Kila mtu achague zana yake ya kujengea, atengeneze ukurasa mmoja wa majaribio, Ijumaa tushindane. Mshindi ndiye mkuu wa mradi. Tuko wawili tu: mimi na Miwani, mtu anayesoma maelekezo hadi ukurasa wa mwisho. Maskini. Nimemwambia mke wangu nimeshateuliwa. Kampigia mama yake hapo hapo.

Jumanne, 4 Machi
Nimechagua zana yenye nembo ya kupendeza kuliko zote. Video ya somo la kwanza ina urefu wa saa sita. Nilisinzia dakika ya tisa. Miwani kapita, kauliza, kaka, mbona kimya? Nikasema niko kwenye usanifu. Mama mkwe anataka kujua kama ofisi ya mkuu ina dirisha. Nimemjibu, mawili.

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Nani kasema lazima nijenge? Nimechukua programu ile ile ya zamani, nimeivika rangi ya samawati, vitufe vya mviringo, kivuli kidogo. Nje bi harusi, ndani bibi yule yule. Dakika arobaini tu. Nimeondoka mapema.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kaleta mwamuzi! Mama Stoo, karani wa mteja wetu mkubwa, ameitumia programu tangu izaliwe. Hatazami kibodi. Mkono mmoja unachapa, mwingine una kikombe cha chai. Kwenye ukurasa wa Miwani alikwama. Akauliza, mwanangu, kitufe changu cha F7 umekizika wapi? Miwani jasho likamtoka. Nilijikaza nisicheke.

Kwangu aliteleza tu! F7, F3, Enta, hata tone la chai halikumwagika. Bosi akapiga makofi. Nikaanza kuinama kwa shukrani. Ndipo Mama Stoo akakosea idadi ya magunia, na katikati ya samawati yangu ukachomoza ujumbe wa fundi aliyeiandika programu ya kwanza, aliyestaafu zamani: “UMEKOSEA TENA, MAMA. WEKA CHAI CHINI KWANZA.”

Mama Stoo alicheka hadi machozi. Akasema, huyu si mgeni, huyu namjua! Bosi hakucheka.

Jumatatu, 10 Machi
Miwani ndiye mkuu. Alikesha na Mama Stoo kwenye simu, F7 imerudi. Mimi nimepewa kazi ya kunakili ujumbe wote wa zamani kwenye programu mpya, mmoja mmoja. Ni mia sita na kumi na nne. Ule wa chai usiguswe, ni ombi la Mama Stoo.

Mama mkwe anakuja Jumamosi kuona ofisi yangu. Hakuna shida. Jumamosi Miwani hayupo, na mlinzi ni rafiki yangu. Kibao cha kubandika kwenye mlango wa Miwani nimeshakitengeneza: jina langu, samawati, kivuli kidogo.

Nani atajua?