Jino la Bunduki ya Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimekabidhiwa bunduki! Si yangu. Bado.

Baba mkwe ameileta dukani, ile kuukuu ya kuwindia, kaifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Ilianguka kutoka ukutani, jino likalegea. Jino ni kile chuma kidogo kinachosimama kwenye ncha ya mtutu. Nyuma kuna pengo. Ukilenga, unaliweka jino katikati ya pengo, basi. Mzee anasema macho yake yamechoka. Jumamosi wakwe zake wawili tutashindana kule kwenye machimbo ya zamani ya mawe, na mwenye shabaha ataondoka nayo. Risasi zimebaki sita, tatu kila mtu. Hakuna kujaribu.

Wakwe wenyewe ni mimi, fundi saa, na Hamira, mwoka mikate aliyemwoa dada yake mke wangu. Miaka kumi na mmoja nimo katika familia hii, mzee bado ananiita "fundi". Hamira ana miaka mitatu tu, tayari ni "mwanangu". Kisa? Mikate ya moto! Nami nitaitwa mwanangu, hata kwa mtutu wa bunduki.

Kabla ya kuondoka mzee alinieleza habari ndefu ya kulia na kushoto, kwamba jino na risasi huwa haviendi njia moja. Nikaitikia ndiyo Baba, ndiyo Baba. Mtu niliyezaliwa kati ya mishale ya saa, nifundishwe kulia na kushoto?

Jumanne, 7 Mei

Nimepata wazo. Zuri mno! Mke wangu ameniuliza mbona napiga mluzi huku nimeunguza shati kwa pasi. Nikamwambia ni hali ya hewa.

Jumatano, 8 Mei

Nimefanya. Kwanza nimeliweka jino katikati barabara, kazi safi. Kisha kwa kinyundo changu kidogo, ko, ko, nimelisukuma kulia. Unene wa kucha tu! Kwa hesabu zangu, risasi itakwenda shubiri moja kulia. Hamira atalenga katikati, masikini, atakosa. Mimi nitalenga shubiri moja kushoto, nitapata. Nimepaka masizi pale palipochubuka.

Sijakaa vizuri, Hamira huyo mlangoni na mkate! Moyo ulinipasuka. Kumbe amekuja kumwaga yake ya moyoni. Anasema bunduki ikilia yeye hufumba macho, na mikono inavutika kulia. Ameniomba nisimwambie Baba. Nimempa pole. Yeye anavuta kulia, bunduki inavuta kulia: huyu atapiga nchi jirani! Mkate nimeula wote. Mtamu, kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 9 Mei... hapana, 10. Fundi saa mzima!

Nyongeza ya wazo. Nimemshauri mzee kila mtu apewe dakika mbili, na nimejitolea saa kubwa ya dukani kwangu. Nitaitundika kwenye mti uleule utakaobandikwa shabaha, upande wa kushoto, mpigaji aione akilenga. Hamira akiona dakika zinakwisha atatetemeka. Mzee amekubali. Kaniita fundi.

Jumamosi, 11 Mei

Nimerudi. Lazima niandike.

Hamira alianza. Kafumba macho. Paa! Katikati. Nikasema ni bahati. Paa! Katikati. Ya tatu ikaingia tundu la pili. Shemeji yangu, mkewe, akapiga vigelegele mpaka ndege wakahama.

Zamu yangu. Nikalenga shubiri moja kushoto, pumzi nimezibana. Paa! Ngriiii! Saa yangu ikalia kengele, saa ambayo haijalia miaka minne. Nikajisogeza zaidi kushoto. Paa! Mshale mrefu ukaruka. Ya tatu saa ikadondoka yenyewe chini, imekufa saa kumi na kitu. Mke wangu alikaa chini kwa kicheko. Mzee alicheka mpaka meno ya bandia yakamtoka, nikaliona pengo bila jino.

Kisha akaichukua bunduki. Akapapasa jino kwa kidole gumba. Nikajua nimekwisha.

Akawaita wote. Akasema jino limesukumwa kulia unene wa kucha, kwa hiyo risasi zinakwenda kushoto, na Hamira huvuta kulia, yeye alishamwona zamani. Vikikutana, katikati! Akasema fundi alilijua hilo, akamtengenezea mwenzake bunduki inayomfaa, mwenyewe akakubali kuaibika mbele za watu na saa yake juu. Akanikumbatia.

"Mwanangu," akasema.

Hamira akalia machozi. Mke wangu, ananijua huyu, aliuma mdomo asicheke. Nilitaka kusema kweli, wallahi. Mdomo ukafunguka, ukasema: "Ah, Baba, ni kidogo tu."

Mwanangu! Mbele ya watu wote! Bunduki kachukua Hamira, na sijali. Nimeimba njia nzima, na fremu ya saa shingoni.

Jumatatu, 13 Mei

Hamira kaja na bunduki na mikate miwili. Anajizoeza asifumbe macho: akikanda unga, mkewe anamgongea sinia sikioni. Sasa anaomba nilirudishe jino katikati. Mzee amepata risasi nyingine, na mwezi ujao anatushindanisha tena, zawadi ni darubini yake. Darubini! Nikamwambia aiache tu bunduki, ndugu yangu, iko mikononi mwa mwana wa nyumba.

Nimetafakari mchana kutwa, na kosa langu nimeliona. Ni moja tu: nilisukuma kidogo mno. Safari hii kucha mbili, kulekule kulia.

Saa nyingine nimeshaiandaa. Kubwa zaidi, ionekane vizuri.