Umeme Uliowaka Bwera Mtandaoni Tu

Saluni ya Mama Gorret,
Bwera, njia ya kwenda Mpondwe.

Ndugu Mhariri Davis, mkwe wangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa Gorret, binti yangu niliyekukabidhi akiwa na akili zake zote. Nakuandikia kwa sababu heshima ya ukwe hainiruhusu kusimama mbele yako nikapayuka, na kwenye simu huwa napayuka. Labda karatasi itanishika mdomo.

Nalalamikia makala uliyoweka mtandaoni huko Kasese kuhusu siku umeme ulipokatika nchi nzima. Umeandika kwamba "mji pekee uliobaki na mwanga ni Bwera." Mimi naishi Bwera. Mwanga huo haukupita kwangu. Naomba kueleza kwa mpangilio.

1. Kuhusu nilichokiona kwa macho haya. Mchana ule nilikuwa nakausha nywele za Night, bibi harusi, ambaye wakwe zake walikuwa wanangojwa kwao jioni hiyo hiyo. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha, umelala laini. Nikageukia wa kushoto, mashine ikashusha pumzi moja, ikanyamaza. Nikadhani ni swichi. Mara akaingia mbio Laurentine, jirani yangu wa kutoka Butembo, upande wa pili wa mpaka, anayeuza juisi baridi.

"Mama Gorret, kuran imekatika! Frigo yangu iko kimya sawa mufu!"

Kuran kwao ni umeme. Tukatoka nje. Mashine ya kusaga kimya. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara amesimama mlangoni na mteja mwenye nusu kipara, wote wawili wanatazama nyaya kana kwamba zitajieleza. Tuliporudi ndani Night alikuwa mbele ya kioo. Kulia alikuwa bibi harusi, kushoto alikuwa mtu aliyeopolewa mtoni. Akalia, nami nikalia, Laurentine akatugawia juisi kabla haijapata moto.

Nilikutumia ujumbe papo hapo kwamba Bwera nako umeme umekatika. Ukanijibu: "Mama, heshima yako iko pale pale, lakini wewe ni ndugu, na ndugu si chanzo huru." Nikameza. Nikakuuliza nani basi aliye huru hapa Bwera. Mpaka leo sijajibiwa.

2. Kuhusu picha. Makala yako ina picha ya saluni yangu, taa zinawaka vizuri kabisa, na chini umeandika imetumwa na "shuhuda aliyepo eneo la tukio." Mkwe wangu, itazame tena. Dirishani kuna mapambo ya Krismasi. Kwenye kiti amekaa mteja wangu Benedicte mwenye mimba inayogusa meza. Mimba hiyo leo ina miguu, inakimbia, na juzi imenivunjia chupa ya shampuu. Hapo hukuhitaji mtaalamu wa picha. Ungemuuliza mwanamke yeyote aliyewahi kuzaa.

3. Kuhusu wageni ulioniletea. Jua halijashuka, likaja lori dogo kutoka Kasese. Mbele alikaa baba yako mdogo, Mzee Blasio, amekumbatia beseni la simu za majirani zake. Nyuma kulikuwa na friza iliyojaa samaki wa Katwe, na kwaya nzima na kinanda chao.

"Tulisoma hapa iko umeme," akasema akishuka. "Onyesha tu pahali pa kuchomeka."

Nikamwonyesha. Akachomeka. Kimya. Akabonyeza swichi ya taa, akaiachia, akaibonyeza tena. Akatazama taa, akatazama simu yake, akanitazama mimi.

"Mama, simu inasema iko. Labda ni hii taa yako haijapata habari."

Davis, mtu mzima na mvi zake alisimama chini ya taa iliyokufa, akaamini simu! Basi maneno yakatoka nje: Mama Gorret anaficha umeme. Watu wakaingia kuutafuta. Mama mmoja ambaye nimemsuka tangu alipokuwa mchumba aliinua godoro langu, akachungulia chini. Sijui angeukuta umelala vipi.

4. Hili ndilo lililoniumiza, nalo sitalifanyia mzaha. Mama yake Night akaja na simu mkononi. "Kumbe ulikuwa na umeme," akaniambia, "ukamwacha mtoto wangu hivi? Usikanyage kwangu leo." Tumelima pamoja, tumezika pamoja. Nilikaa kwenye kiti cha wateja.

Laurentine ndiye aliyemshika yule mama mkono, akamvuta mpaka dukani kwake, akafungua frigo.

"Tia mukono, mama. Iko baridi?"

Akatia. Akapapasa chupa moja, akapapasa ya nyuma yake, zote vuguvugu. Nilimsikia anacheka kabla sijamwona, akarudi akanikumbatia mpaka kilemba changu kikaanguka. Samaki wa Blasio nao walikuwa wameanza kulegea, hawangoji mtu, tukawapeleka wote kwenye sherehe wakapikwa. Kwaya iliimba kwa vifua vyao, kinanda kikakaliwa na watoto. Night alikuwa amefunga kichwa kwa kitenge, lakini ngoma ilipokolea kitenge kikadondoka. Bwana harusi akatazama kulia, akazunguka akatazama kushoto, akasema, "Nimepewa wawili!" Akacheza na pande zote mbili.

Kwa hiyo mambo yaliisha vizuri. Hayo hayakupunguzii kosa.

5. Kuhusu vyanzo vyako vitatu. Nilipokuandikia tena, ulisema habari imethibitishwa na tovuti tatu. Nimezisoma. Ya kwanza inasema imeipata kwako. Ya pili inasema imeipata kwa ya kwanza. Ya tatu haisemi imeipata wapi, lakini imeandika "Bewra" kama ulivyokosea wewe kwenye kichwa cha habari. Mkwe wangu, hao si mashahidi watatu. Ni wewe mmoja uliyebadilisha mashati.

6. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu: usahihishe makala; kabla ya kuandika kwamba taa inawaka, mtu aitazame; na kabla ya kumwamini mtu, umuulize alikuwa wapi, aliona nini mwenyewe, na nani alimwambia mengine. Naomba pia nywele za Night ziingizwe kama ushahidi, kwa kuwa hazina ndugu kwenye tovuti yako. Naomba mama mkwe awekwe juu ya msemaji yeyote wa serikali. Na naomba uje Bwera na baba zako wadogo wote pamoja na mbuzi, nikufundishe uandishi wa habari kwa siku nitakazoona zinatosha. Mbuzi nitamthibitisha mwenyewe.

Nisalimie Gorret, wajukuu, Mzee Blasio na kwaya yake. Laurentine anakusalimu, Night anakusalimu, na kinyozi anasema mteja wake alirudi.

Wako kwa ukwe na kwa ukweli,
Naome Biira (Mama Gorret)

Tanbihi: Umeme umekatika tena sasa hivi nikitafuta bahasha. Kuna jamaa amepita na lori la saruji, uso sikuuona, jina sikulisikia, ila amepaza sauti kwamba mjini Hima umeme upo. Inatosha. Nimewaambia soko zima, na watu wa Nyakiyumbu nimewapigia simu. Mashine ya nywele tumeshaipakia, wateja watatu wako garini na vichwa vyao vibichi. Tunapita Kasese kukuchukua. Wewe tangaza haraka, mwanangu. Kuthibitisha tutathibitisha huko huko.